Kwa Fundi Andama, Umeme Ukikatika

Umeme umekatika Arua tangu saa moja,
mwezi haujaandama,
na baba hajafunga karakana.
Jina lake Andama, ila hajawahi kuandama mtu:
barabara nzima ya Mvara ilihamia pikipiki,
yeye kabaki na baiskeli.

Kwenye boriti kaning'iniza magurudumu kumi na saba,
kila moja kwa kamba yake.
Moja limetazama Kongo, moja limetazama mlango,
moja limelala chali kama sinia la muhogo.
Hayaulizani.

Nimetoka chuoni na swali la mtihani nililokosa.
Niliandika: mfumo wa Jua umelala bapa
ndani ya galaksi, kama sahani juu ya meza.
Mhadhiri kapitisha kalamu nyekundu,
pembeni kauliza: Nani kakwambia?

Kweli, nani?
Hakuna kitabu kilichosema hivyo.
Ni mazoea tu, ya nyumbani, ya kanisani, ya foleni:
mdogo hulala alivyolala mkubwa.

Nikamvuta baba nje kwa mkono wake wa grisi.
"Ile Zuhura, inazama Kongo.
Mshtarii ile pale, utosini.
Zohali ndiyo kwanza inatoka ng'ambo ya Naili.
Ziunganishe. Hiyo ndiyo rimu yetu,
nasi tumo humo humo.
Sasa ona lile vumbi jeupe
lililomwagika toka Yumbe mpaka Vurra.
Ile ni rimu ya galaksi, tunaitazama kwa ubavu."

Hakusema kitu.
Aliinua mikono miwili, akaipishanisha,
akapima kama apimavyo uma wa baiskeli iliyoanguka.
"Digrii hamsini."
"Sitini, baba."
"Nani aliigonga?"

Hakuna aliyeigonga.
Wingu la gesi na vumbi lilijisokota lilivyojisokota,
kama kisulisuli cha Januari uwanja wa mpira,
na galaksi ilikuwa na safari yake,
kubwa mno, polepole mno,
haikuinama kukinyoosha kisulisuli.
Majirani nao vivyo hivyo: jua hili kasimamisha sahani yake wima,
lile kailaza, lile lingine
sayari zake zinamzunguka kinyumenyume.

Wanaozitafuta hukesha wakiingoja nyota ififie
unywele mmoja, sayari ikikatiza mbele yake.
Na hapa ndipo pananichoma:
mifumo iliyotugeuzia uso wake wote
ndiyo tusiyoiona.
Iliyotupa ubavu ndiyo inayojifichua.

Baba alicheka hapo.
"Kama wateja," akasema, akarudi ndani.

Nilibaki nje, shingo inauma,
najaribu kuuhisi mwinamo kwenye nyayo.
Sikuuhisi. Ardhi ya Mvara ilikuwa bapa,
na chura mmoja mtaroni alikuwa na hakika kuliko mimi.

Kisha mji mzima ukapiga yowe: umeme umerudi.
Galaksi ikafutika kama chaki.

Nilimkuta chini ya boriti
kashika gurudumu la Onzima muuza maziwa,
lile lililopinda darajani Enyau,
jicho moja kalifumba.
"Hivi?"
"Zidi kidogo. Hapo."
Akaliachia.
Likayumba kwenye kamba yake, likazunguka,
likarudi lilikokuwa limetazama.