Vilivyosahaulika Kitabuni

Mimi ndiye mwenye ule ukurasa.
Si huu unaoufunua kwa kidole kilicholowa mate,
ule mwingine, unaousukuma juu kwa dole gumba
ukingoja viazi viive.

Hapa Suvantola, kaskazini mwa Ufini,
jua likiaga Novemba halina haraka ya kurudi.
Maktaba ina taa kumi na nne, mbili hupepesa.
Wiki moja walioingia walikuwa sita,
na mmoja wao alikuja kuota moto tu:
Oiva, ambaye hata kofia havui.

Halmashauri ikaandika: Mna wasomaji wangapi?
Bi Raili, mkuu wangu, mtu wa kadi na muhuri,
akaikunja barua mara nne,
akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.
"Haya," akasema, "hiyo simu yako nayo ipate kazi."

Nikaanza vibaya.
Niliandika: Kusoma ni mwanga, karibuni nyote.
Aliyependa ni mmoja, mama yangu.
Nikapiga picha vitabu vipya, vimesimama gwaride.
Wakapenda wawili: mama,
na Raili, aliyebonyeza kwa bahati mbaya.

Hadi kitabu cha injini za boti
kiliponidondoshea kipande cha nyama kavu,
chembamba, kigumu kama gome,
kilichowekwa ukurasa wa themanini na tatu
kushika mahali.
Nikakipiga picha juu ya gazeti. Nikaandika:
Mwenyewe, uliishia hapa.
Wa themanini na nne unakungoja.

Usiku ule simu ilitetemeka mezani
ikajisogeza yenyewe, kama mende aliyepinduka.
Wakamtaja Oiva. Oiva akakana.
Shemeji yake akajibu: Meno yale nayajua.

Basi kila Alhamisi nikawa navitikisa vitabu.
Risiti ya daktari wa meno. Unyoya.
Sindano ya kufumia.
Barua ya mapenzi isiyo na jina
(hiyo sikuipakia;
siri ya mtu haigawiwi, hata kwa nia njema).

Kisha picha ya msichana kwenye theluji,
na nyuma yake, kwa penseli: Kabla ya treni.
Raili aliitazama mpaka chai yake ikapoa.
"Uso uache," akasema. "Onyesha glavu."
Nikakata, ikabaki glavu peke yake,
nyota ya ncha nane mgongoni mwa mkono.

Loo, wafumaji!
Watu ambao hawajanipa hata salamu
wakaja mbio na miwani zao.
Nyota hiyo ni ya ng'ambo ya mto.
Hapana, ya ng'ambo ina ncha sita.
Tazameni gumba lilivyopinda: aliyefuma ana shoto.
Mwenye shoto alikuwa mmoja tu, Helvi,
na Helvi alikuwa na binti wawili.

Mjukuu mmoja aliyeko Turku akaiona,
akampigia bibi yake simu ya waya.

Siku ya tatu mlango ukafunguka na baridi yake.
Bibi Tyyne, miaka themanini na mbili,
alivuka mto ulioganda akisukuma kigari cha kuteleza.
Akaishika picha kwa ncha za vidole.
"Huyu ni mimi," akasema.
"Glavu ndiyo ya dada. Aliniazima.
Treni ikaondoka naye, sikumrudishia."
Akamgeukia Raili, bila kucheka:
"Faini yake inafika ngapi sasa?"

Raili akatafuta muhuri, akatafuta kalamu,
akatafuta kitu chochote cha kushika.

Halmashauri imeuliza tena.
Nimejibu: wafuasi mia tatu na kumi.
Kijiji kina watu mia mbili na tisini.
Hao wengine siwajui,
na mmoja wao hupenda kila ninachoweka,
saa tisa za usiku, kila mara,
bila neno.

Oiva bado anakana.
Ila jana kitabu cha injini
hakikuwa rafuni.