Tiketi za Nchi Iliyokwisha

Ligi ilizaliwa theluji ikiyeyuka,
nchi yenyewe ikiwa bado haijaota meno.
Mimi nilikuwa dirishani, uwanja wa Wachimbaji,
na mafungu ya tiketi zilizochapwa na serikali ya jana:
nyundo na mundu pembeni, bei kopeki thelathini.
Karatasi nyingine haikuwepo Kazakhstan nzima,
au haikutufikia sisi.
Nikafuta bei kwa kalamu, nikaandika rubeli mbili.
Mechi iliyofuata, tano.
Kufika Juni tiketi ilikuwa na makovu
kumshinda Zhaksylyk, beki wetu wa kati.

Siku ya ufunguzi kipaza sauti kilikohoa,
kikapiga wimbo wa taifa,
na hakuna aliyejua kama maneno yale bado yanaruhusiwa.
Watu elfu mbili na mia moja tulisimama kofia mikononi,
midomo tumeifunga,
kama wageni kwenye harusi ya mtu wasiyemjua.

*Mchezaji wa kulipwa*, ndivyo mikataba ilivyosema.
Aprili walilipwa.
Mei kiwanda kiliwapa saruji, mifuko minne kwa kila mtu,
na kipa Amangeldi akaibeba yote kwa kigari cha mtoto
akajenge choo cha mama yake.
Julai ilikuwa soksi.
Soksi, maboksi kwa maboksi, zote za kijivu.
Kocha Khegai alizipokea kwa mikono miwili
kama apokeavyo chai.
Baba yake aliletwa nyikani humu ndani ya behewa la ng'ombe;
soksi hazikuweza kumshangaza.

Safari za ugenini: garimoshi, saa thelathini na moja.
Walilala wawili wawili, miguu ya huyu kichwani kwa yule,
wakala mayai ya kuchemsha na kuhesabu nguzo za simu.
Walirudi wamefungwa tatu,
wamefungwa tano,
mara moja wameshinda, na ile mara moja
mwamuzi alipotelewa na saa, mchezo ukaendelea hadi jua likachoka.

Halafu Agosti, Eduard Reimer.
Winga wa kushoto, mguu kama ulimi wa mchongezi:
hujui unaelekea wapi mpaka umekwisha kukuumiza.
Karatasi za mama yake zilikuwa zimetoka Ujerumani,
nchi ambayo babu wa babu yake aliiacha
na ambayo yeye aliijua kwa sala mbili na jina la keki.
Alicheza dakika tisini, akaoga, akaenda stesheni.
Viatu alimwachia Nurbol, kijana muokota mipira,
namba arobaini na tatu kwa miguu ya thelathini na tisa.
Nurbol akajaza gazeti kwenye vidole,
ukurasa wa michezo, wenye msimamo wa ligi.
Basi tukawa mkiani hata humo, chini kabisa,
tukikanyagwa.

Baada ya Reimer akaondoka Mgiriki wa kiungo.
Kisha ndugu wawili Warusi, usiku, bila kuaga.
Kila mmoja alikuwa na kwao,
ghafla, kama mtu anayepata mafua.
Khegai alikuwa akisoma orodha ya kikosi
na kunyamaza kidogo mahali pa majina.

Mechi ya mwisho theluji ilishuka kabla yetu.
Mpira tuliupaka rangi nyekundu ya mabomba.
Watazamaji themanini na wanne; niliwahesabu mara mbili,
kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine.
Kama kulikuwa na daraja la kushukia, hakuna aliyetuambia.

Barua yake ilifika Januari, ina stempu ya mnara nisioujua.
Hakuuliza mkate ni bei gani, wala nani kafa.
Aliuliza: *ile ya mwisho, ilikuwaje?*
Nikatia ndani ya bahasha tiketi moja iliyobaki,
yenye bei saba, sita zimefutwa,
na nyuma yake nikaandika:
Nne kwa moja. Tulifungwa.
Lile moja lilitoka kwenye kiatu chako cha kushoto.