Hatua Zilizochukuliwa

Saa kumi na moja kasoro alfajiri walirudisha bunduki.
Nikahesabu kama ninavyohesabu siku zote,
kwa kidole gumba, bila kumtazama mtu usoni:
ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa.
Nikarudia.
Thelathini zilitoka.

Konstebo Machibya alisimama dirishani kwangu,
matope ya Pasua yamempanda hadi magotini.
"Andika tu, Koplo. Alikuwa na panga."

Na panga lilikuwepo. Silitoi humu
kwa kuwa tu aliyekufa ni kijana na mama yake namjua.
Lilikuwa la kukatia majani ya ng'ombe,
mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli,
na usiku ule lilikuwa limekwisha kumkata mtu:
Kisamo, mlinzi wa stoo ya mahindi,
mkono wa kushoto, juu ya kiwiko.
Hilo nalo liandikwe.

Daftari la ghala lina safu sita.
Tarehe. Namba ya silaha. Zilizotoka. Zilizorudi. Sababu.
Ya mwisho ni nyembamba kama kamba ya filimbi:
Hatua zilizochukuliwa.

Hatua ngapi?

Machibya alisema tano.
Sajini aliyekuwa nyuma yake alisema nane, tisa hivi.
Ndeanasia, aliyekuwa macho ananyonyesha,
akachungulia kwenye ufa wa mbao, alisema
kijana alikwisha kugeuka, anaelekea relini,
hatua ishirini, panga limening'inia mkononi
kama kitu alichosahau kukiweka chini.

Chuoni, hapa hapa Moshi, tulifundishwa
tukiwa bado tunahema kwa mchakamchaka:
onya kwanza.
Piga pale tu uhai unapotaka kutoka,
wako au wa mwenzio,
na pasiwe na mlango mwingine.
Mkufunzi alirudia, na pasiwe na mlango mwingine,
akagonga ubao, chaki ikavunjika.
Hakusema mlango huo utafutwe kwa muda gani,
gizani, mvua inapiga mabati,
mtu aliyetoka kumwaga damu yuko mbele yako
na wewe una miaka ishirini na tatu.

Nilipotoka zamu sikwenda nyumbani.
Nilikwenda Pasua, nikasimama alikosimama Machibya,
ganda la risasi bado limezungushiwa chokaa,
nikatembea hadi pale mtu alipomwaga majivu
ili mbwa wasirambe.
Kwa viatu vyangu vya serikali: kumi na nne.
Nikarudi kwa hatua za mtu anayekimbia: tisa.
Kwa hatua za mtu anayeogopa
sikuweza kupima. Kulikuwa kumekucha,
Kibo iko wazi, jirani anakaanga maandazi,
watoto wanaruka reli kwenda shule.

Mama Anaeli alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Hakuniuliza kuhusu panga. Analijua, alilinunua yeye,
Kiboriloni, siku ya gulio.
Aliuliza: "Na mguu? Mguu hamkufundishwa?"

Ninayo majibu ya swali hilo.
Mguu ni mwembamba, mguu unakimbia,
mkono wa mpigaji nao una moyo ndani yake, unadunda.
Yote ni kweli.
Nikayabeba mpaka kituoni bila kuyafungua.

Nikaandika kumi na nne. Kwa kalamu ya wino.
Kwenye sababu nikaandika uhai,
nikatafuta nafasi ya kuongeza wa nani,
safu ikawa imekwisha.

Jioni Machibya alirudi dirishani, hana sare, hana zamu.
"Ulipima?"
"Nilipima."
Akasubiri, anakwangua rangi ya fremu kwa ukucha.
"Kwangu mimi, Koplo, zilikuwa tano. Nakuapia, tano."

Nikamwambia namwamini,
na daftari nikaliacha wazi, limemgeukia.