Kidude cha Kuhesabia

Nimepewa kidude cha chuma cha kuhesabia,
kiti cha plastiki, koti la kung'aa,
na fomu yenye visanduku vitatu:
waendao kwa miguu, waendao kwa baiskeli, wengineo.
Bonyeza, alisema Bwana Osore wa mradi.
Kila kichwa bonyezo moja. Usifikiri. Bonyeza.

Basi nabonyeza.
Njia panda ya Enterprise na Likoni, saa kumi na moja u nusu,
giza bado limeegemea kuta za viwanda
na Mukuru inamwagika
kama mchele kwenye gunia lililotoboka.
Tk. Tk. Tk.
Viatu vya mpira. Buti lisilo kamba.
Akala, gurudumu lililostaafu likajifunza kutembea.
Mmoja kavua viatu kavishika mkononi
vifike kazini visafi kuliko yeye.

Hapa hakuna anayetembea kwa ajili ya afya.
Ukutani mwa zahanati pana bango: tembea nusu saa kila siku,
moyo utakushukuru.
Moyo wa Nzilani ungekuwa umeshukuru mpaka ukachoka:
saa moja na robo kwenda, saa moja na robo kurudi,
na nauli asiyolipa ndiyo maziwa ya mtoto.
Daktari alimsifia mapigo, akasema ni ya mwanariadha,
kisha akamwekea kile chombo baridi mgongoni,
akasikiliza mapafu,
akanyamaza.

Lori linapobadili gia
moshi wake hutoka ubavuni,
kimo kilekile cha pua ya mtoto wa darasa la pili.
Nimepima kwa jicho.
Fomu haina mahali pa kuliandika hilo.

Njia ya miguu imeanza vyema, matofali mekundu,
hatua hamsini hivi, halafu nguzo ya stima,
halafu shimo, halafu haipo,
kama sentensi ya mtu aliyekumbuka ameacha sufuria jikoni.
Hapo watu wote hushuka barabarani bila kuangalia chini;
miguu inajua.

Baiskeli: tk.
Kreti sita za mikate na kijana katikati yake,
anapita kati ya tela na mtaro
uzi kwenye tundu la sindano,
harufu ya mkate ikibaki nyuma kidogo,
sekunde mbili, tatu,
kabla dizeli haijairudia nafasi yake.

Mwanamke wa magongo mawili.
Kidole kikasita. Miguu? Wengineo?
Nilimwandika kwenye miguu. Alikuwa anaenda.

Saa moja na dakika kumi.
Hii ndiyo saa ya Makori, kaka yangu,
miaka minane juu ya baiskeli nyeusi yenye kengele mbovu,
akipiga mluzi badala ya kengele.
Lori lilichukua goti tu.
Kiti ndicho kilichochukua mengine:
kwanza kikaleta uzito, kisha sukari,
kisha jioni moja akaniuliza mbona taa ni hafifu,
na taa haikuwa hafifu.
Sasa anajua ratiba ya redio nzima
na majina ya dawa nne.

Barabara ilikuwa tupu kwa pumzi moja.
Tk.

Mchana Bwana Osore alikuja na tarakilishi yake.
Kamera ya nguzoni imepata baiskeli mia tatu na tisa.
Wewe una mia tatu na kumi.
Nikamwambia kamera ilipepesa.
Kamera hazipepesi, alisema,
lakini akaandika mia tatu na kumi, maana jua lilikuwa kali
na alikuwa ameacha gari pabaya.

Nikakunja kiti. Nikavua koti.
Nikashika njia kurudi nyumbani, kwa miguu kama nilivyokuja,
nikapita pale nilipokuwa nimekaa;
hakuna aliyenibonyeza.
Nilikohoa mara mbili karibu na kiwanda cha rangi
na kidole gumba, sijui kwa nini,
kiliendelea kubonyeza hewa,
hewa ileile.