Wanaondoka Wakinitazama

Nilifuata chapati, sitadanganya.
Tangazo kwenye mlango wa bweni lilisema: watu warefu,
Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, Luzira, chai ipo.
Mwaka wa pili, Takwimu, pesa zimekata tangu Jumanne,
nami niliyeitwa mlingoti tangu shule ya msingi Bombo
nikasema, basi, leo urefu huu utanilisha.

Chai ilikuwepo. Chapati hazikuwepo.
Kulikuwa na banda la samaki lisilo na samaki ila harufu yao,
na ndani, juu ya magogo, kitu chembamba kama ganda la kunde,
kirefu kuliko nyumba yetu ya kambini.
"Hii ni mashua?"
Kocha Byekwaso akanitazama kuanzia miguuni
kama fundi anayenunua mbao.
"Unajua kuogelea?"
Sijui.
"Vizuri. Utakuwa na sababu ya kutoanguka."
Akanirushia boya.

Hakuna aliyenionya kwamba unakaa kinyume.
Baba yangu askari, kwetu anayekwenda hutazama aendako,
na hapa naambiwa nilipe lengo mgongo,
nivute,
nimwamini Nangobi, kilo arobaini na tatu, ameketi tezini,
yeye peke yake ndiye anayeona mbele.

Wiki tatu maji yalininyima.
Kasia lilinaswa, mpini ukanipiga mbavuni,
wenzangu watatu wakasubiri kimya,
kile kimya cha watu wenye adabu, kibaya kuliko tusi.
Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu;
kwenye mtihani wa uwezekano kalamu iliniteleza.

Halafu asubuhi moja, tarehe siikumbuki,
gugu maji limesukumwa na upepo upande wa Ggaba,
usubi umejaa kinywani mwa kila anayehema,
makasia manne yakaingia majini kwa sauti moja.
Moja tu. Kama mlango wa gari la kifahari ukifungwa.
Nikasikia mapovu yakikimbia chini ya kiti changu.
Mapigo kumi na moja. Kisha ikaharibika.
Nimeyatafuta yale kumi na moja kwa miaka tisa.

Mashindano? Tulikuwa wa tano.
Zilikuwa mashua tano.
Mama aliuliza kwa simu, nikasema "wa tano,"
nikaiacha hapo.

Kocha Byekwaso aliondoka mwezi wa Machi
kwenda Doha kulinda maghala ya watu.
Uwanja wa ndege, Entebbe, alinipa ufunguo wa banda
na saa ya kupimia mbio yenye ufa kwenye kioo,
akasema, "Draru, usiwasifu mapema,"
akageuka. Niliona mgongo wake, begi lake, mgongo,
mpaka mlango ukammeza.

Sikutaka kuwa kocha. Nilikuwa na ufunguo.
Mwenye ufunguo huamka mapema; ndivyo ilivyoanza.
Sasa ni mimi ninayepima vijana kwa macho kama mbao,
ninayeziba mashua kwa gundi na kipande cha mpira wa baiskeli,
ninayepaza sauti kwa koo tupu, betri za kipaza zimekufa:
"Atukwatse, mabega! Okwir, hilo si jembe!"
Nimejifunza kuogelea pia. Mwaka jana. Msiwaambie.

Na kuna jambo ambalo nilipokuwa navuta sikulijua,
lazima usimame gatini ulione:
wanapoondoka, nyuso zao zimenielekea.
Migongo ndiyo inayokwenda kule kwenye mwanga,
lakini macho, pua, meno yaliyokazwa, vyote viko kwangu,
vinapungua, vinapungua.
Ni nahodha tu anipaye kisogo.

Nabonyeza saa. Penye ufa sekunde hazisomeki.
Mkono unataka kupunga, naushika.
Makasia yameingia pamoja.
Sisemi kitu.
Saba. Nane.
Tisa.
Kumi.