Kiwimbi Juu ya O

Februari, Pärnu. Mto umeganda hadi karibu na mlango wake
na shangazi Virve ananipisha kwenye meza ya kazi:
anasukuma kando nta, gundi, ngozi ya mbuzi,
ndimi za chuma alizozipanga kwa sauti, si kwa ukubwa.
"Weka hapo mashine yako," asema. "Nitafutie jina."

Miaka thelathini na mmoja anatengeneza kodiani
bila kibao mlangoni. Waliomhitaji walimuulizia kwa muuza samaki.
Muuza samaki kafa Novemba.

Jina la kwanza, alilolitaka kama mtu anavyotaka kiti chake,
limeshachukuliwa. Nafungua: ukurasa mtupu,
na chini kabisa, bei. Euro elfu moja mia nane.
"Anatengeneza nini huyu?"
Hatengenezi kitu, shangazi. Amelikalia tu.
Anashusha miwani. "Hata kuku akikalia, hutoa kifaranga."

Tunajaribu refu, linaloeleza kila kitu:
kodiani, ukarabati, mji, vyote vimeungwa
kwa vistari, kama mabehewa ya mizigo.
Nampa simu. Mpigie Ilmārs kule Riga, msomee.
Anasoma. Anarudia. "Kistari. Hapana, kifupi. Hapana, cha katikati."
Kwenye behewa la tatu Ilmārs anauliza
kama hawezi kuandika tu barua na kubandika stempu.

Basi lile fupi: lõõts. Mvukuto.
Neno zuri, linavuta pumzi likitamkwa.
Lakini o zake mbili zina kiwimbi kichwani,
na kibodi ya Ilmārs haina kiwimbi,
wala ya yule Mreno aliyemwandikia mwaka juzi.
Bila kiwimbi linasomeka loots,
na loots, kwa lugha yetu, ni rubani wa bandarini,
yule anayepanda meli ya wageni na kuiingiza salama.
"Yaani," asema shangazi, "ukiyaondoa mawimbi
nabaki rubani!" Akacheka hadi akakohoa.
"Siku moja nahodha atanipigia saa tisa usiku,
nami nitamwambia: subiri, gundi haijakauka."

Nikaandika mengine. Lake mwenyewe: akina Virve wako wengi.
La babu: hapana, babu alikuwa mchinjaji.
Neno la Kiingereza, ambalo mimi nililipenda mno:
alilitamka mara mbili, akaliweka chini
kama kitufe cha kodiani nyingine.

Tukaacha. Akarudi kwenye kazi ya jana,
kodiani ya harusi iliyotafunwa na panya.
Akabana kona ya mwisho, akafungua mikanda,
akaileta sikioni, akaivuta polepole
bila kugusa kitufe hata kimoja.
Na akasema, si kwangu, kama asemavyo kila mara
tangu nilipokuwa mtoto wa kukaa chini ya meza hii:
"Hingab."
Inapumua.

Herufi sita. Hakuna kiwimbi, hakuna kistari.
Nikalitafuta upesi, kana kwamba mtu alikuwa dirishani akisikiliza.
Lilikuwa wazi.
Hingab, nukta, ee: ile ee ya nchi yetu mwishoni
kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili, akaitika.
Ilmārs alilipata mara ya kwanza. Akasema, "Ndiyo hilo tu?"

Euro tisa kwa mwaka. "Kwa mwaka?"
Ndiyo, shangazi, jina hili hulinunui, unalipanga.
Ukisahau siku moja, atakuja mtu kulikalia.
Akachukua kalamu ya seremala, akaandika kwenye kalenda,
chini ya siku ya msafisha dohani:
KODI YA JINA.

Barua ya kwanza ilitoka Tartu, kwa mwanamke
aliyetaka kujua darasa la kupumua linaanza lini
na kama aje na mkeka wake.
Shangazi alimjibu kwa heshima, kwa kidole kimoja:
aje na kodiani.