Kioo cha Kushoto

Mara kumi na moja imekaguliwa,
mara kumi na moja imepita,
na kila mara nimetokwa jasho mimi, si injini.

Tangi limepauka. Siti nimeishona
kwa uzi wa viatu. Lakini ukiipiga kiki alfajiri
Keko nzima inajua Mwinjuma ameamka.

Breki ni zake. Taa ni zake.
Honi niliipata Gerezani, kwa fundi Ndunguru,
aliyeuliza, "Unataka inayolia au inayoita?"
Nikachukua inayolia. Bei yake ilinifaa.

Kioo cha kushoto ndicho si chake.
Ni cha Chande, jirani; kila mwaka
tunakihamisha kwa spana namba kumi na nne
na kukirudisha kabla ya magharibi.

Safari hii tumepangiwa siku moja:
yeye saa tatu, mimi saa nane.

Afande Kokugonza akakanyaga breki, akapiga honi,
akawasha indiketa, kulia, kushoto.
Kisha akainama kwenye kioo, akaweka kofia sawa.
"Huu ufa," akasema, "kama mkia wa mjusi.
Nimeupitisha asubuhi."

Sikujibu. Injini ilikuwa inanguruma taratibu,
haina la kuficha.

"Pikipiki imepita. Wewe bado.
Kesho uje na kioo chako, ndipo nikupe stika."

Chande alikuwa ukutani, spana mkononi.
Nikamfungulia chake palepale,
nikarudi Keko polepole,
nikigeuza shingo
kila kona ya kushoto.